Mkono unapoingia kwenye droo bila kutumwa

Saa nne asubuhi mtu anavuta droo ya meza yake ya kazi, anatoa pakiti ya biskuti, anaifungua, na muda wote macho hayajatoka kwenye kompyuta. Muulize kama ana njaa, atasita. Swali lenyewe halikuwa limempitia kichwani, na biskuti ya tatu imeshafika mdomoni.

Wenzake wana jibu tayari: ndiyo tabia yake. Hapo lugha yetu yenyewe inatuchanganya, kwa sababu neno tabia limebeba mizigo miwili. Kuna hulka, yaani jinsi mtu alivyo tangu utotoni, kama ni mtulivu, mwenye papara au mwepesi wa wasiwasi. Kuna pia mazoea, jambo ambalo mtu amelirudia mahali palepale na saa ileile mpaka likawa linajifanya lenyewe. Tunapomwita mtu mlafi huwa tumeshaamua kwamba kosa ni la hulka, na nadhani mara nyingi tunamwonea.

Hata hivyo, upande wa hulka una hoja nzito. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Angelina Sutin na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu 1,988 wa Marekani, uliotumia kumbukumbu za miaka 50. Ile asilimia 10 ya wenye papara kuliko wote ilikuwa na uzito uliozidi ule wa asilimia 10 wasio na papara kabisa kwa wastani wa kilo 11. Kilo 11 si jambo la kupuuza. Lakini wastani huo hauelezi kwa nini mtu yuleyule, akiwa likizo, inapita wiki nzima bila kukumbuka biskuti ya saa nne. Papara yake amesafiri nayo. Kilichobaki nyuma ni droo.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilihusu bisi. David Neal, Wendy Wood na wenzao walilichapisha mwaka huohuo wa 2011. Watu waliingia ukumbi wa sinema, kila mmoja na bisi zake. Wengine walipewa mpya, wengine za siku saba, zilizochakaa. Waliokuwa na mazoea makali ya kula bisi sinemani walikula zile kuukuu kwa kiasi kilekile cha mpya, ingawa walisema wazi kwamba hazikuwa tamu. Wasio na mazoea hayo walizila kidogo kuliko mpya. Watafiti wakahamia chumba cha mikutano, wakaonyesha video za muziki, na hata wale wenye mazoea hawakuzila kuukuu namna ile. Halafu, katika jaribio jingine la sinemani, wakawataka baadhi ya watu wale kwa mkono waliouzoea, wengine kwa ule wasiouzoea. Kubadili mkono tu kulitosha kuwapunguzia bisi kuukuu wenye mazoea. Hakuna aliyebadilishwa hulka pale. Mkono ulipokosa njia yake ya kila siku, ulimi ukapata nafasi ya kusema.

Bado sikubali kwamba mazoea yanaeleza kila kitu. Mtu anayefungua jokofu usiku baada ya ugomvi anajua anachofanya. Anakula kwa uchungu, na hata ukificha chakula atakitafuta. Kwake droo si tatizo, na ushauri wa kuhamisha pakiti ni kumkosea adabu. Hapa hulka ya wasiwasi ina uzito wake, na mtu wa namna hii anahitaji mtu wa kumsikiliza kuliko mtu wa kumpangia chakula.

Wala kujibana si dawa ya uhakika. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa baadhi ya washiriki milkisheki, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wale waliozoea kujinyima walikula aiskrimu nyingi zaidi baada ya milkisheki kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakuinywa. Mstari aliojiwekea ukishavukwa, mtu anaona siku imeshaharibika. Kila tunapomkaripia mtu kwa sababu ya biskuti moja, tunamsaidia kuuchora mstari huo.

Pande hizi mbili, hulka na mazoea, zinakutana kwenye kazi ya Brian Galla na Angela Duckworth ya mwaka 2015. Waligundua kwamba wenye uwezo mkubwa wa kujitawala hawashindi wakipigana na vishawishi. Sehemu kubwa ya mafanikio yao inapitia kwenye mazoea mazuri waliyojijengea, kwa hiyo pambano lenyewe huwafikia kwa nadra. Kwa maoni yangu hulka huamua jinsi mtu anavyopata au kukosa mazoea hayo kwa urahisi, kisha mazoea ndiyo yanayokula saa nne asubuhi. Tunachokisifu kama nguvu ya moyo huenda ni droo isiyo na kitu.

Kuyajenga mazoea kunachukua muda. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo jipya, kama kula tunda na chakula cha mchana. Kwa kawaida kulizoea kulichukua takriban siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Hilo ndilo ningependa yule wa kwenye droo alisikie kabla ya mwenzake yeyote hajamwita mlafi, asubuhi atakayoukuta mkono umerudi humo tena.