Mkojo Wangu Unavuta Sigara

Leo ni siku ya 29 bila sigara, awamu ya pili. Zimebaki 13. Ukipita hapa dukani ukanikuta nimekodolea macho boksi la plagi kana kwamba linanisimulia kitu, usinisalimie. Pita tu. Tutasalimiana zikiisha hizo 13.

Mimi nauza spea Gerezani, Kariakoo. Nina kilo 138 na urefu wa mita 1.70, kwa hiyo mtu akinitazama kwa mbele na akinitazama kwa ubavu anaona kitu kilekile. Makonda wa daladala wananiita Bonge halafu wananidai nauli ya siti mbili, na mwenye bajaji huwa ananiangalia kwanza, anaangalia tairi zake, ndipo anataja bei. Hayo nilishayazoea. Ila magoti hayakuzoea, na sukari haikuzoea, na mke wangu alichoka kulala macho akihesabu kama bado nahema. Tukauza kiwanja cha Chanika, tukaenda kumwona daktari wa kupunguza tumbo.

Daktari mwenyewe kijana mwembamba, mkanda wa suruali yake ungenitosha mimi kwenye mkono. Akatuchorea kwenye karatasi. Akasema mfuko wa chakula unakatwa, robo tatu na zaidi inatupwa, kinachobaki kinabanwa kwa vipini vidogo vidogo, kinakuwa kirefu chembamba kama ndizi.

Nikamuuliza, "Ndizi gani daktari? Kisukari au mkono wa tembo?"

Hakucheka. Akauliza, "Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pakti."

"Kwa wiki?"

Nikamwangalia mke wangu anisaidie. Akanisaidia. "Kwa siku, daktari. Jumamosi pakti na nusu."

Hapo daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba nikotini inabana mishipa ya damu, na pale palipobanwa vipini panahitaji damu ili pashikane. Pasiposhikana panavuja, na kikivuja ndani ya tumbo si mchezo. Bado vidonda vya tumbo, bado damu kuganda, bado mapafu yatakayomsumbua daktari wa usingizi. Alitegemea nibishe. Sikubisha, kwa sababu mimi ni muuza gasketi. Kila siku namwambia mteja, huwezi kufunga gasketi mpya kwenye uso wenye masizi halafu ukashangaa oili inatoka. Nimelisema hilo kwa miaka 17 nikiwa na sigara mdomoni.

Akanipa wiki 6. Siku 42 bila sigara, na zikikaribia kuisha napimwa mkojo. Ukionyesha nikotini, tarehe ya upasuaji inasogea na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Nikasema sawa. Nilipotoka nje ya geti la hospitali nikavuta mbili, za kuagana.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linaloniuma. Mimi nina mdomo mmoja. Mdomo huu ulikuwa na wafanyakazi wawili, kula na kuvuta, na walikuwa wanapokezana zamu bila ugomvi. Ukila, sigara ya kushushia. Ukivuta, njaa inasubiri nje. Leo unamsimamisha kazi mmoja, unategemea yule wa pili afanye nini? Anafanya ovataimu! Wiki 3 za kwanza nilikula kila kitu ambacho hakikunikimbia. Mihogo ya kukaanga, karanga, kashata, na usiku wa manane mke wangu alinikuta jikoni nakwangua ukoko wa pilau kwa kijiko cha chai ili nisipige kelele. Kliniki wakanipima, nimeongezeka kilo 3.

Mtaalamu wa lishe akasema, "Umeongezeka."

Nikasema, "Nimeacha sigara."

Akasema, "Hongera. Lakini umeongezeka." Akanishauri nitafune karoti kila hamu ikija. Hamu yangu inakuja kila baada ya dakika 20, dada. Nilimaliza fungu zima kabla ya adhuhuri, na viganja vikaanza rangi ya chungwa. Mpaka leo nikipita genge la mboga yule mama ananiitia karoti kama sungura wake.

Na choo jamani. Hili hawaliandiki kwenye vile vikaratasi vya kliniki. Miaka yote choo cha asubuhi kilikuwa kinaitwa na sigara. Nikiwasha tu, mambo yanajipanga. Nilipoacha, tumbo nalo likagoma. Nakaa mle ndani na simu, namaliza taarifa ya habari, namaliza michezo, mke wangu anagonga mlango: "Baba Zawadi, uko salama?" Niko salama. Hakuna kinachotokea.

Watu wanasema, "Mbona Ramadhani unafunga mwezi mzima, kutwa nzima huvuti?" Kila mtu ana hilo swali, na kila mmoja analitoa kama amelivumbua yeye. Ramadhani ina adhana ya magharibi, ndugu yangu. Mtu unavumilia huku sikio liko msikitini. Hii ya daktari haina adhana. Jua linazama, unakula, unanawa, unakaa, halafu… basi. Unakaa.

Kijiweni ndiyo usiseme. Muuza kahawa akipita anagonga vikombe vyake, mkono wangu unaenda wenyewe mfuko wa shati. Hamna kitu mfukoni ila risiti, nikajikuta siku moja nimeweka risiti mdomoni. Jirani yangu wa duka la shokamzoba akatangaza dau: mimi nikimaliza wiki 6, yeye anatembea kwa miguu kutoka Gerezani mpaka Mbagala. Wengine wakaweka dau upande wake. Hakuna hata mmoja aliyeweka upande wangu, na wote nimeshawakopesha.

Nikajaribu kwa Mangi wa duka la mtaani, moja tu, ile ya rejareja. Mangi akaniangalia kwa huruma. "Mzee, mama amepita hapa. Kasema nikikuuzia, lile deni la unga na mafuta halilipwi." Ona hiyo. Mimi natafuta hela, mke wangu ananikatia mtandao.

Halafu mtu ananiambia tumbaku ni adui yangu. Mimi nimezaliwa Urambo, Tabora. Nimevuna majani ya tumbaku nikiwa sijaota ndevu, vidole vinanata utomvu mweusi hata ukisugua kwa mchanga hautoki. Nimelala kwenye bani nachochea kuni usiku kucha ili tumbaku ya baba ikauke, ikauzwe, nilipiwe ada. Viatu vyangu vya kwanza vilinunuliwa na tumbaku. Huyu si adui, huyu ni mlezi wangu. Tatizo ni kwamba amerudi kudai gharama zake.

Basi, katika awamu ya kwanza, nikiwa siku ya 19, akaja mama mkwe kutoka Pangani. Alikuja kuniuguza. Sijalazwa, sijakatwa, lakini mama alisema ni bora awahi. Ni mtu wa heshima zake, nami namheshimu. Akiwa sebuleni mimi hata kukohoa naenda kukoholea uani.

Usiku huo usingizi ukakataa. Nikatoka barazani, umeme umekatika, nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka na kijaluba chake, kile kikasha cha tambuu, mbele yake. Anaweka jani la tambuu kwenye kiganja, anapaka chokaa kwa ncha ya kidole, anamimina popoo iliyokatwakatwa, anabana kitu kingine cha kahawia kwa vidole viwili. Harufu ile. Nywele za mkono zilisimama. Harufu ya bani la baba!

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hulali?"

"Ni hii sigara mama. Nimeambiwa niache."

"Na mkono unakutetemeka."

"Daktari anasema ndiyo uraibu."

Mama akashtuka. Akakiangalia kijaluba chake, akaniangalia mimi. "Daktari wako kasema uraibu? Wa nani?"

Nikakumbuka. Kwa wazee wa pwani uraibu ni hivi hivi vitu vya kijaluba: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku. Daktari kaniambia nina uraibu, mama kasikia kwamba daktari anajua vilivyomo kwenye mkoba wake. Nikamweleza kwamba daktari anamaanisha sigara. Mama akapumua.

"Alichokataza ni moshi, sivyo?"

"Alikataza sigara mama."

"Sasa hii ina moshi?"

Nikaliangalia lile jani kwa makini sana. Niligeuza shingo, nikaliangalia na upande wa pili. Halikuwa na moshi.

Sitaki kusimulia utamu wa ile tambuu. Niseme tu kichwa kilitulia, mabega yakashuka, na umeme ukarudi saa hiyohiyo, nikaona hata TANESCO wamenibariki. Kuanzia usiku huo ikawa ndiyo ratiba. Mke wangu akilala, mimi na mama mkwe tunakutana barazani kama wala njama. Mke wangu aliponiuliza mbona midomo myekundu, nikamwambia juisi ya rozela, mtaalamu wa lishe kasema inasafisha damu. Akaanza kunitengenezea rozela jagi zima kila siku, bila sukari. Nikainywa. Uongo nao una gharama zake.

Siku ya 38 nikaenda kupima. Nikapewa kikopo, nikaenda, nikarudi. Nesi akachovya kipimo, akakilaza mezani. Baada ya dakika kadhaa nikachungulia: mstari mmoja. Mmoja tu! Mimi si mgeni wa hivi vipimo, malaria mstari mmoja huna, mimba mstari mmoja huna. Nikamkumbatia mke wangu mbele za watu. Nikampigia jirani wa shokamzoba nikamwambia afunge kamba za viatu.

Nesi akasema, "Baba, hiki kinasomwa kinyume. Mstari wa pili usipotokea, ujue nikotini ipo."

Sijui ni nani aliyekaa ofisini akaamua kipimo kimoja kisomwe kinyume na vingine vyote. Ningependa nimuuzie spea.

Tukaingia kwa daktari. Nikala kiapo. "Wallahi daktari, sijagusa sigara siku 38."

"Nakuamini," akasema. "Wewe huvuti. Mkojo wako ndio unavuta."

Akaeleza kwamba nikotini yenyewe inaondoka mwilini mapema, lakini inaacha mtoto wake anaitwa kotinini, na huyo anakaa siku kadhaa ndipo aishe. Ndiye wanayemtafuta kwenye mkojo. Na hajali umevuta, umetafuna, umenusa ugoro ama umetumia zile jojo za nikotini. Kwake yeye vyote ni mzazi mmoja. Kisha akaniangalia midomo.

"Unatafuna tambuu?"

Nikasema, "Ni ya mama."

"Ina tumbaku?"

"Kidogo."

"Kidogo kama ile pakti?"

Kwenye bajaji ya kurudi nyumbani mke wangu hakusema neno. Ukiona mwanamke wa Pangani amenyamaza kutoka hospitali mpaka Temeke, ogopa. Tulipofika alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akapiga goti, akamwamkia upya kana kwamba hawajaonana leo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, uraibu wako leo unalala chumbani kwangu."

Mama akakitoa kijaluba bila ubishi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kwa uzito huu ingepaliwa. Mama akamwaga tumbaku yote shimoni mwenyewe, akakipangusa kijaluba kwa upande wa kanga, akasema, "Kama mkwe wangu anafunga, na mimi nafunga naye. Nilimponza mimi."

Ndipo nyumba ikaharibika. Kabla ya hapo mwenye kisirani alikuwa mmoja. Sasa tuko wawili, na mwenzangu kaanza kutafuna kabla sijazaliwa. Mama amegombana na msoma taarifa ya habari kwamba anasoma haraka. Amegombana na jogoo wa jirani. Juzi alimgombeza mjukuu wake kwa kukunja chapati vibaya, halafu akaichukua akaila. Na mimi siwezi kumwambia kitu, ni mama mkwe. Na yeye hawezi kuniambia kitu, ni mkwe. Tunapishana koridoni tukiamkiana kwa adabu kubwa huku kila mmoja anatamani kupiga ukuta ngumi.

Jana usiku nikatoka tena barazani. Mama yuko pale pale kwenye mkeka, na kijaluba anacho. Sijui alikitorosha saa ngapi. Moyo ukanipiga. Nikasogea. Kiko wazi, kitupu, kimeoshwa, na mama amekishika kwa mikono miwili amekiinamia, amefumba macho, anavuta pumzi taratibu.

Akahisi nipo. Hakugeuka.

"Baba Zawadi."

"Naam mama."

"Harufu nayo inaonekana kwenye mkojo?"

"Sijui mama. Sikumuuliza daktari."

Akafikiri kidogo. Akasogea upande, akanipisha kwenye mkeka, akanipitishia kijaluba.

"Basi pua moja tu."