Kilichokufa Tunachukua

Tangazo alirekodi mwenzangu Shukuru, tena kwa sauti ya mtu aliyeshiba wali: "Vyuma chakavu, vyuma chakavuuu! Friji limekufa? Tunachukua! Feni imekufa? Tunachukua! Kilichokufa ndani kitoeni nje, tunapima, tunalipa papo hapo!" Linajirudia toka Manzese mpaka Kigogo. Ukilala usiku unalisikia.

Spika tumeifunga kwenye usukani wa guta. Swichi yake iling'oka zamani, kwa hiyo ukitaka inyamaze unachomoa waya kwenye betri ya pikipiki, na betri inakaa chini kabisa ya mzigo. Siku hiyo mzigo ulikuwa wa maana: bloku ya injini, mabati, nondo zilizopinda, na juu yake kimfuko cha shaba. Hicho kimfuko ndicho roho ya biashara. Shaba hainasi kwenye sumaku, na kilo yake moja inakupa hela ambayo kwa chuma cha kawaida ungevunjika mgongo kwanza.

Tukakata kona Mburahati. Uchochoro mwembamba, mteremko, na breki za guta letu ni kandambili zangu. Ghafla turubai. Viti vya plastiki. Wanaume wamevaa kofia. Tumeingia katikati ya msiba, na jeneza ndiyo kwanza linatoka mlangoni.

"Kilichokufa ndani kitoeni nje," spika ikasema, "tunapima, tunalipa papo hapo!"

Mimi nimezaliwa Dar. Sijawahi kusikia jiji hili limekaa kimya namna ile.

Kurudi nyuma hakuna, bajaji mbili zimeshaziba njia. Shukuru akavua shati akaiviringishia spika. Bora asingefanya. Sasa sauti ikawa inatoka chini chini, nzito, kama mtu anayeongea akiwa ameshafukiwa.

"Zima hicho kitu!"

"Haizimiki, mzee, betri iko chini!"

Basi waombolezaji wenyewe, na kanzu zao nyeupe, wakaanza kushusha vyuma. Bloku ya injini ilibebwa na wanne, na walivyozoea kubeba, nusura waipandishe mabegani. "Feni imekufa? Tunachukua!" Upande wa kina mama vilio vilikuwa vimebadilika. Mabega yanatikisika, lakini khanga zimejazwa mdomoni.

Waya ukachomolewa ikiwa imefika "Tunapi..."

Mzee mmoja, nadhani ndiye msemaji wa familia, akanisogelea mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye breki zangu. "Hebu niambie, kijana. Mkimkuta mtu bado anakata roho, huwa mnasubiri?"

Tukaenda kuzika. Ungefanyaje? Marehemu hatumjui, lakini nilishika chepe na kufukia kuliko wajukuu zake. Tuliporudi, vyuma vyote vimepangwa vizuri ukutani, hakuna nondo iliyopungua. Kimfuko cha shaba hakipo. Hatukuuliza.

Tangazo Shukuru amerekodi upya, sasa linasema "kilichoharibika", ila tumechelewa. Huko kote jina langu ni Ziraili. Watoto wakiliona guta wanakimbilia ndani.

Juzi pale Kigogo bibi mmoja aliniita, akaliweka sufuria lililotoboka katikati ya uwanja, kisha akarudi kusimama mlangoni kwake.

"Chukua hilo, mjukuu wangu," akasema. "Mimi bado."