Silinda ya Chenso Si Makande

Kabla hamjaendelea kucheka: yule jamaa aliyewatumia voisi kwamba nimekutwa napika chenso, ule msumeno wa injini, kwa vitunguu, vitunguu kaviongeza yeye. Mengine... haya, sikilizeni.

Chenso ilinoki huku Mafinga, katikati ya gogo la paini. Kijana wangu alijaza petroli kavu, wakati kila lita inataka mililita 20 za oili. Kufungua, pistoni ina mistari upande wa egzosi, silinda nayo michirizi. Wenye chenso mnajua, hapo hutupi kwanza. Unapitisha ukucha. Ukizama, kwisha habari. Ukikwaruza uvimbe, hiyo ni aluminiamu ya pistoni imegandia tu, na ukuta wa nikeli chini yake unaweza kuwa mzima. Wangu ulikwaruza uvimbe. Nikajiona daktari bingwa.

Dawa yake ni asidi kali, hidrokloriki ile ya kusafishia vyoo. Inakula aluminiamu, nikeli inaiacha. Fundi alinisisitiza: chovya pamba ya masikio, paka palipogandia tu, tena nje penye upepo. Sasa jamani, mimi na ndevu zangu hizi nikae na pamba ya masikio mchana kutwa? Nikavuta sufuria lililokuwa karibu, nikatumbukiza silinda nzima, nikamimina chupa yote.

Sufuria la aluminiamu. La mama mkwe. Lile la pilau za shughuli.

(Ninyi wa kemia, nyamazeni.)

Mwanzoni kimya. Nikainama nichungulie. Kiputo kimoja. Viwili. Mara ukingoni kukaanza kutokota, mkaa hakuna, moto hakuna, sufuria linachemka lenyewe. Mvuke ukanipanda puani, machozi hayo. Nikashika ukingo, lo, linaunguza! Nyuma yangu nikasikia kandambili zimesimama.

"Shikamoo mama," nikasema huku nakohoa.

"Marahaba baba. Unapika nini?"

"Silinda, mama."

Akachungulia. Hakusema neno. Tukasimama, mkwe na mkwewe, tunatazama povu la kijivu likishuka ndani ya sufuria. Likashuka tena. Nikawa najiuliza linakwenda wapi, hadi kidole gumba cha mguu kikanijibu. Mbio nilizopiga kwenda bombani, mama mkwe hakuwahi kuniona nazo tangu siku ya mahari.

Baada ya hapo ni maji ndoo kwa ndoo, magadi, kelele za mke wangu, sufuria jipya. Silinda? Ndani imetoka inang'aa, ungeweza kujitazamia ukinyoa. Nje, ambako nako ni aluminiamu, mapezi ya kupoozea yameliwa, na pale inapokaa gasketi pamebaki vishimo vitupu. Nimenunua nyingine pamoja na pistoni yake, msiniulize bei.

Sufuria la zamani mama mkwe amekataa lisitupwe. Limesuguliwa, limesuuzwa, sasa anamwagilia nalo mchicha. Anasema matundu yamekaa sawasawa kuliko ya keni ya dukani.