Kwa miguu hadi Ngomeni: usiku unafaa, Sabaki haufai

Sisi tunaopenda kutembea ufukweni kutoka Malindi hadi Mambrui, na wenye pumzi hadi Ngomeni, tuna ubishi usiokwisha: tuondoke usiku au mchana? Wa usiku wanalikimbia jua. Wa mchana wanaogopa giza. Mimi ni wa usiku, ila kuna mahali naachana na wenzangu.

Hoja ya usiku ni nzito, na si joto peke yake, ingawa mchanga wa saa saba mchana mwezi wa Februari unachoma hadi ndani ya kandambili na njia nzima haina kivuli. Jambo kubwa ni maji. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na pwani yetu siku za bamvua bahari hupwa kabisa mnamo saa nne usiku, kisha hujaa mnamo saa kumi alfajiri. Kwa hiyo mbalamwezi ikishapanda, ndipo bahari inapokuachia mchanga mpana, mgumu, unaobeba mguu. Ukiondoka saa mbili unatembea bila kurunzi, kivuli chako kikilalia upande wa bara.

Hayo ni ya kaskazi, majira ya upepo wa kaskazini. Kusi, upepo wa kusini, ikishika, na masika juu yake, hesabu inavurugika. Mawingu yanaumeza mwezi. Ukielekea Ngomeni upepo unakusukuma mgongoni, unajiona una nguvu, kumbe nguvu ni za upepo. Ukigeuka, mvua na mchanga vinakupiga machoni. Ukiwasha kurunzi kwenye mvua nzito, mwanga unarudi usoni kama ukuta mweupe, hata mguu wako huuoni vizuri. Na radi ikianza, ufukweni hakuna kilichosimama ila wewe. Hapo wa mchana wako sahihi, wala sibishani nao.

Lakini wao nao wanajidanganya kuhusu Sabaki, mto unaoingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Wanadhani ukivuka kwenye mlango wa mto mchana umevuka salama kwa sababu unaona. Unaona nini? Maji yale ni ya udongo, huwezi kujua kina hata jua likiwa utosini, na mamba wamo. Mto wenyewe unatoka mbali: huko juu unaitwa Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana. Mvua inyeshe Ukambani, Malindi kukiwa na nyota tupu, mto unakuja umefura. Fungu la mchanga ulilolikanyaga mwezi jana huenda halipo. Usiku ongeza viboko, maana ndio wakati wao wa kutoka majini kwenda malishoni, na ukisimama kati ya kiboko na mto umejiweka pabaya kabisa.

Ninavyoamua mimi ni hivi: mlango wa Sabaki sivuki kwa miguu, usiku wala mchana. Napanda bodaboda jua halijazama, navuka darajani kwenye barabara ya Garsen, nashukia Mambrui, naswali Isha, kisha naanza. Wenzangu husema hiyo si safari kamili, imekatwa vipande. Mimi sioni kilichopungua. Mbele bado ni ufuo mrefu hadi Ngomeni, kijiji ambacho satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini mbele yake tarehe 12 Desemba 1970.

Na kurunzi iwe mfukoni. Kasa hupanda kutaga usiku, na mwanga ukimmulika anaweza kurudi baharini na mayai yake. Ukikuta njia yake mchangani, pana, imeburutwa kutoka majini, simama kwanza usikilize.