Msiwavue Vijana Wavu wa Usoni

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu kutazama hoki ya barafu ya vyuo hapa Massachusetts. Kabla ya mapumziko ya kwanza, gongo la mchezaji mmoja lilipanda likamkuta mwenzake usoni. Chuma cha wavu kililia hadi sisi wa safu za juu tukasikia. Kijana akatikisa kichwa, akaendelea kucheza. Mzee aliyekaa nyuma yetu akapaza sauti: "Hizo nyavu ndizo zinazowaharibu. Wavueni, mtaona watakavyoheshimiana." Watu kadhaa wakamwunga mkono. Mpaka leo maneno hayo yananichoma.

Hoja yenyewe ni ya siku nyingi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inawalazimisha wachezaji kufunika uso mzima, na wako makocha ambao kwa miaka wametaka vijana waruhusiwe kioo cha nusu uso kama cha NHL, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Wanasema aliyefunikwa uso wote hujiona hadhuriki, basi huinua gongo ovyo na kuingia kwa kichwa. Haya, magongo ya juu ni mengi vyuoni, hilo siwezi kulikataa. Lakini gongo la juu ni kosa, na mwamuzi ana filimbi. Asipoipuliza, tugombane naye. Kwa nini gharama ibebwe na jicho la mtoto wa watu?

Tena hiyo heshima. Machi 11, 2000, Marian Hossa wa Ottawa Senators alikuwa anapiga paki, kile kisahani cha raba kinachochezewa, basi. Gongo lilipomalizia mzunguko wake likamkuta Bryan Berard wa Toronto Maple Leafs kwenye jicho la kulia. Hossa hakukusudia. Berard alikuwa na miaka 23. Alifanyiwa operesheni kadhaa, na jicho lile halikurudi kuwa kama zamani. Alikosewa heshima gani? Machi 2013, Marc Staal wa New York Rangers alipigwa jichoni na paki. Ile ni raba ngumu ya gramu 170 hivi, inakwenda kasi kuliko gari la barabara kuu, na haimjui mtu. Wote wawili hawakuwa na kioo. Msimu wa 2013–14 NHL yenyewe ikawalazimisha wachezaji wapya kuvaa vioo. Watu wazima wanaolipwa mamilioni wanazidi kujifunika, halafu sisi tunataka wanafunzi wajifunue!

Wala hatubahatishi. Katika vyuo vikuu vya Kanada, msimu wa 1997–98, watafiti walifuatilia wachezaji 642, takriban nusu wakiwa na kioo cha nusu uso na wengine wamefunikwa uso mzima. Wa nusu uso waliumia meno karibu mara kumi zaidi. Na yale makocha wanayoyahofia, shingo na mtikisiko wa ubongo? Hawakuona kwamba kufunika uso mzima kunaongeza hatari hiyo. Jibu hili tunalo tangu utafiti huo ulipochapishwa 1999.

Wanaosema wavu unazuia kuona wamkumbuke Jacques Plante, golikipa wa Montreal Canadiens. Novemba 1, 1959, paki ilimpasua uso pale New York. Akashonwa, akakataa kurudi langoni bila barakoa, ingawa kocha wake hakuipenda. Leo nani atamruhusu golikipa asimame na uso mtupu?

Shingo ina habari yake, na tangu mchezaji Adam Johnson alipokatwa shingoni na kiatu cha barafu kule Sheffield, Uingereza, mwaka 2023 na kufariki, sitaki kumsikia mtu akizungumzia kupunguza kinga yoyote.

Tulipofika nyumbani mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, nikifika chuo watakuwa wameshaitoa?" Ana miaka 13, anacheza timu ya mtaa. Nikaichukua helmeti yake kwenye begi. Waya mmoja, sawasawa na jicho la kushoto, umepinda kuingia ndani. Nikamuuliza aligongwa lini.

Hakumbuki.