Mafuta kwenye hori la ng'ombe: tuyafinye mashudu kabla ya kubishana

Mfugaji mzoefu haulizi bei ya mashudu, yale mabaki ya alizeti iliyokamuliwa mafuta, kabla hajayafinya. Anachota konzi moja kwenye kiroba, anakunja ngumi, kisha anafungua na kutazama kiganja kinavyong'aa. Kikibaki kikavu kama kilichoshika vumbi la mbao, anajua mashine imekamua hadi tone la mwisho, na hapo anaanza kuvuta bei ishuke. Kikiteleza na harufu ya alizeti ikapanda puani, mazungumzo yanakuwa mengine. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa ajili ya tabianchi. Anachojua ni kwamba ng'ombe wake hukamulika vizuri zaidi kwa mashudu yenye mafuta.

Nimeanza na kiganja hicho kwa sababu habari ya kuwapa ng'ombe mafuta ili wapunguze methani, gesi inayoongeza joto duniani, inatufikia ikiwa imepinda. Katika vikao viwili vya wafugaji nilivyohudhuria imetoka kauli ileile: watu hawana mafuta ya kukaangia, leo mnataka tuwamwagie ng'ombe? Mwingine akaongeza kwamba methani ni deni la wenye viwanda, sisi linatuhusu nini. Hoja zote mbili zina uzito. Ila zinajibu pendekezo ambalo, kwa mfugaji wa ng'ombe wawili watatu, halipo. Hakuna anayemwambia akanunue dumu dukani. Mafuta yanayozungumzwa, kwa sehemu kubwa, tayari yamo kwenye hori lake.

Methani ya ng'ombe hutoka hasa mdomoni, kwa mbweu. Vijidudu vya tumbo la kwanza vinapochachua majani huacha hidrojeni, na vijidudu vingine huichukua na kuigeuza methani. Mafuta huvuruga mnyororo huo. Yenyewe hayachachuki tumboni, kwa hiyo yanapochukua nafasi ya wanga gesi hupungua, na asidi zake huwadhoofisha hao wanaotengeneza methani. Mapitio ya tafiti yaliyoandikwa mwaka 2008 na Karen Beauchemin wa Kanada na wenzake yalikuta kwamba kila asilimia 1 ya mafuta inayoongezwa kwenye chakula kikavu, yaani chakula kikipimwa bila maji yake, hupunguza methani kwa asilimia 5.6 kwa kila kilo inayoliwa. Miaka miwili baadaye Cécile Martin na wenzake, Ufaransa, walipata wastani wa asilimia 3.8. Mimi hutumia zote mbili kama sakafu na dari.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo haiishi kunizunguka kichwani. Mchukue ng'ombe chotara wa maziwa anayekula kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Atatoa takriban gramu 200 za methani. Gesi hiyo ina nguvu ya megajuli 11, karibu asilimia 6 ya nguvu yote aliyoila, na lita moja ya maziwa ina megajuli 3 na ushee. Maana yake kila siku mbweu zake hupeperusha nguvu inayolingana na ile iliyomo katika lita tatu na nusu za maziwa. Hizo lita hazingepatikana zote hata gesi ikizibwa kabisa, kwa kuwa mwili wa ng'ombe nao una makato yake. Lakini tazama kwa upande wa chakula: kwa mwaka ng'ombe huyu anakula kilo 3,650, na asilimia 6 yake ni kilo 219. Viroba vinne vya kilo 50 na zaidi, umevilipia, umevibeba begani au kwa bodaboda, vimekwenda hewani. Tunapoambiwa methani ni shida ya Wazungu, mimi huviona viroba hivyo vinne.

Mashudu yanaokoa kiasi gani? Mashine ndogo za kukamua za Singida na Dodoma huacha mafuta mengi kwenye mashudu. Tuseme asilimia 10. Kilo 2 kwa siku ni gramu 200 za mafuta, yaani asilimia 2 ya mlo. Kwa vipimo vile viwili, methani inashuka kwa kati ya asilimia 8 na 11. Katika viroba vyetu vinne, hiyo ni chini ya nusu kiroba. Ni kidogo, na anayekuahidi zaidi ya hapo anakudanganya. Ila ukumbuke kwamba mafuta yenyewe yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga, na mashudu yanakuja na protini. Mfugaji anayenunua mashudu ananunua maziwa. Methani iliyopungua amepewa juu yake bila kuilipia.

Wapinzani wako sahihi kabisa kwenye suala la kipimo. Mafuta yakizidi asilimia 6 au 7 ya mlo mzima hugandamana na nyuzinyuzi za majani, vijidudu vinavyozimeng'enya vinashindwa, na ng'ombe anapunguza kula. Huko Ufaransa kuna jaribio lililomwaga mafuta ya kitani kwenye chakula na methani ikaporomoka kwa asilimia 64, lakini ulaji na umeng'enyaji navyo vilishuka. Mama jirani yangu aliyaona hayo bila maabara. Alipandisha mashudu hadi kilo 5, juu yake akaweka pumba, nayo pumba ya mahindi ina mafuta yake. Kinyesi kikalegea, na vipande vya majani ya mabingobingo vikawa vinaonekana ndani yake jinsi vilivyokatwa. Akarudi kwenye kilo 2, asubuhi moja na jioni moja, na kikajishika.

Wako sahihi pia kuhusu mifugo ya asili. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, wengi wao wa asili, wanaochungwa. Zebu anayetafuna mabua mwezi wa Septemba anahitaji kwanza majani na maji. Kumletea mafuta huyo ni kukosa la kufanya.

Hoja ya mafuta ya kula ndiyo inayonisumbua kwa kweli. Zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula tunayaagiza. Indonesia ilipofunga mauzo ya mawese kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, tulijua sote maana ya kutegemea meli ya mwenzio. Kiwanda kikubwa kinachotumia kemikali kukamua huacha asilimia 1 au 2 tu kwenye mashudu, na ile nane nyingine inaingia kwenye chupa. Nchi ikifika huko nitafurahi, hata mashudu yakikauka. Ila leo mashine iliyopo kijijini ni ile inayobakisha, na mashudu yake mengi hupakiwa kwenye malori kwenda Kenya na kwingineko. Anayelilia mafuta yasiliwe na ng'ombe aanze na mashine hizo. Mfugaji ananunua tu kilichobaki.

Tusijilinganishe na Denmark, ambako sheria iliyoanza 2025 iliwataka wafugaji wa kawaida (wasio wa kilimo hai) wenye ng'ombe wa maziwa zaidi ya 50 wachague: ama kuongeza mafuta kwenye chakula mwaka mzima, ama kutumia Bovaer, kiongezi cha chakula kinachozuia methani, kwa siku zisizopungua 80. Ng'ombe wao tayari anatoa maziwa mengi, kwa hiyo kilichobaki ni kubana gesi. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba kilo moja ya maziwa kusini mwa Sahara hubeba gesijoto sawa na kilo 7.5 za hewa ukaa, na katika nchi tajiri ni kati ya 1 na 2. Tofauti hiyo inatokana hasa na ng'ombe wetu kula mwaka mzima kwa ajili ya kuishi tu, na akatoa lita moja au mbili. Akipanda hadi lita sita kwa chakula bora, gesi yake inagawanywa kwa lita nyingi zaidi.

Ninachokitaka ni kidogo: kiroba cha mashudu kiandikwe asilimia ya mafuta na tarehe ya kukamuliwa. Kiganja kinapima utelezi, lakini hakiwezi kutofautisha 8 na 14, na kwa mwenye pumba hori moja na mashudu tofauti hiyo ni kubwa. Tarehe nayo ina kazi yake. Mashudu ni rahisi Julai alizeti inapovunwa na ghali Januari, kwa hiyo kila mwenye akiba huweka stoo. Yenye mafuta huchacha upesi, na yakipata unyevu huota ukungu. Mama yule alitupa viroba viwili mwezi wa Desemba, na hakuwa na namna ya kujua vilikamuliwa lini.