Dada Mmoja Kavishwa Upya, Mwingine Kachinjwa

Abiria akisema "ndege yenyewe kuukuu", mara nyingi kaona zulia lililochakaa na skrini iliyogoma. Hayo ni ya macho tu. Mwili wa ndege huchoshwa na kupaa na kutua, na mizunguko hiyo haipungui hata ukibadilisha viti vyote.

Tazama Emirates, shirika la ndege la Dubai. Boeing 777X, ndege mpya walizoagiza, zilitarajiwa 2020, zikachelewa miaka na miaka. Kampuni ya Airbus nayo ikaacha kuunda A380, lile dege la ghorofa mbili, mwaka 2021. Sasa ufanyeje? Unakarabati ulizonazo. Julai 2022 mafundi wao pale Dubai walifanya majaribio ya kuing'oa A380 vitu vya ndani, kipande kwa kipande. Vya kupeleka karakana wakavipakia kwenye malori ya chakula, yale yanayoleta milo ndegeni, kwa sababu milango yake ilikuwa na upana uliotosha. Nilicheka. Fundi ni fundi, awe Dubai au mtaa wa Gerezani, Dar.

Mpango wenyewe ulikuwa viti vya daraja la biashara vivishwe upya, kama makochi ya sebuleni, na viti 88 vya daraja la uchumi viondolewe ili viingie 56 vya daraja jipya la katikati. Hapo ndipo ninapoona shabaha ya ukarabati: watu wachache zaidi, nauli kubwa zaidi. Siwalaumu, ni biashara. Ila wasituambie ni kwa ajili ya starehe yetu sote.

Na ukidhani ndege hustaafishwa kwa uzee, mwulizie A6-EDA; hiyo ni namba ya usajili wa ndege. Ndiyo A380 ya kwanza waliyokabidhiwa, Julai 2008. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba itachinjwa hukohuko Dubai: injini, miguu ya kutulia na vingine vinavyofaa vitolewe kwanza, kisha takriban tani 190 za chuma, plastiki na mabaki mengine ziende kutumika upya. Miaka 13! Dar kuna daladala zenye umri zaidi ya huo na konda bado anaita abiria. Lakini A380 za mitumba hazikuwa na wanunuzi wengi, na spea zake zilikuwa zinahitajiwa na dada zake waliobaki kazini.

Ndio hao dada wanaopambwa sasa. Sisi wa nyuma tumeletewa zulia jipya. Magoti bado yanagusa kiti cha mbele.